Vigelegele vya Kwa Kofia

Mwanangu Khasandi,

Umekwenda Mukumu kumuaga kukhu, na ninavyomjua mama mkwe wangu hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina kama saa tatu. Baba yako yuko nyuma ya nyumba ananyonyoa ingokho na kumlaumu kuku mwenyewe kwa kuwa na manyoya mengi. Mvua imeanza kama kawaida yake saa hizi, na mabati yanapiga kelele kiasi kwamba naweza kujisomea kwa sauti kila sentensi nikaisahihisha bila mtu kuniuliza naongea na nani.

Sitaandika habari za sweta, wala namna ya kushika mkoba ukishuka kwenye basi, wala nani wa kumsalimu kanisani. Baba yako ameshasema yote hayo, na mengine ameyarudia. Mimi nina jambo moja tu. Kesho unapanda basi. Jumatatu unaanza kazi gazetini. Jumanne alasiri utakaa kwenye roshani ya waandishi wa Bunge, na swali la tatu siku hiyo litaulizwa na kiongozi wa upinzani. Atataka serikali imwambie zahanati ya Kwa Kofia iko wapi. Rafiki yangu wa huko alinisomea orodha ya maswali kwa simu jana.

Swali hilo nalijua. Lilipoulizwa mara ya kwanza, jibu la serikali lilikuwa na jina langu ndani yake. Jumanne huenda likawa nalo tena, na wewe ndiye utakayekuwa umeshika kalamu. Nataka ulijue kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mtu aliyesimama mbele ya kipaza sauti.

Usidhani naandika kwa huzuni. Tangu jana nimekuwa kama mtoto aliyeahidiwa kupelekwa shoo ya kilimo. Asubuhi nilichemsha chai nikasahau majani, baba yako akanywa maziwa ya moto. Miaka mingi nimeripoti mafuriko, ajali na kura zilizoibwa nikiwa nimetulia, lakini saa ya maswali Bungeni bado inanipanda kichwani. Utaona mwenyewe. Mtu mmoja anasimama na karatasi, hana bunduki wala askari, anauliza kitu ambacho serikali nzima imekaa kimya juu yake, na kwa kanuni za nyumba ile mtu wa serikali lazima asimame ajibu. Lazima. Umekomaa wakati ambapo jambo hilo si ndoto tena, kwa hiyo huenda lisikushangaze. Mimi bado linanishangaza.

Sasa nianze pale nilipokosea.

Kwa Kofia iko mbele ya Mautuma. Zamani lilikuwa shamba la Mzungu mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi, na waliogawiwa ardhi baada yake walibaki na mahindi na hilo jina. Chama kilikuwa kimoja wakati huo, wewe ulikuwa darasa la sita, na mimi nilikuwa mwandishi wa gazeti hapa Kakamega, mwanamke peke yangu kati ya wanaume wanne ambao walikuwa wakinisubiri nijikwae. Tukaambiwa waziri atafungua zahanati mpya Kwa Kofia.

Tulikuwa na desturi ya kazi ambayo hakuna aliyeiona kuwa kosa. Hotuba ya mkubwa ilifika ofisi ya habari siku moja kabla, imepigwa chapa, na sisi tukapewa nakala. Kurasa za mikoa zilifungwa mapema kule Nairobi, na foleni ya simu pale posta ilikuwa ndefu. Ukisubiri waziri amalize kuhutubia, habari yako inalala, na habari iliyolala haichapishwi. Basi tuliandika asubuhi kutoka kwenye hotuba, tukaisoma kwa simu saa tano, kisha ndipo tukapanda gari kwenda kushuhudia mambo tuliyokwisha kuyaandika. Gazeti lilikuwa la kesho, kwa hiyo tuliandika “jana” kabla ya saa sita ya leo. Kila mtu alifanya hivyo. Mimi nilifanya vizuri kuliko wengine, kwa sababu niliongeza mambo ambayo hotuba haikuwa nayo. Niliandika kwamba wanawake wa Kwa Kofia walimpokea waziri kwa vigelegele na nyimbo.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu saa nne. Gari la ofisi ya habari lilikataa kutoka, nasi tukabaki mjini. Kesho yake dereva mmoja wa msafara alituambia kwamba magari ya waziri yalizama kwenye tope kabla ya kufika, yakavutwa na trakta ya mkulima, yakageuka. Waziri hakufika. Hakuna kilichofunguliwa. Wakati dereva anatuambia hayo, gazeti lilikuwa mkononi mwangu, na habari yangu ilikuwa juu ya ukurasa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ilikuwa na jina langu.

Nilimpigia mhariri nikamwambia. Akasema tusijitafutie shida na wakubwa, zahanati itafunguliwa wiki ijayo na habari itakuwa kweli kwa kuchelewa tu. Nilikubali. Ningeweza kukuambia niliogopa, na wakati ule kuogopa kulikuwa na sababu zake. Lakini si woga ulionifanya ninyamaze. Lilikuwa lile jina. Niliikata habari ile kwa makasi nikaibandika kwenye albamu yetu ya picha, na wewe uliwaonyesha wenzako.

Miaka ikapita. Vyama vikawa vingi. Bunge likapata upande wa pili, na gazeti likanipeleka Nairobi kuketi kwenye ile roshani. Wewe ulibaki hapa na baba yako na shule yako. Nilikuandikia barua kila wiki juu ya jinsi watu walivyorushiana maneno, na najua baba yako alizisoma kwanza.

Alhamisi moja kiongozi wa upinzani akasimama. Nisikudanganye juu yake: ni mtu wa madoido, anachelewa, anaipenda sauti yake, na nimeshamkuta akikosea hesabu za jimbo lake mwenyewe. Lakini siku hiyo alikuwa amepokea barua kutoka kwa watu wa Kwa Kofia, na akauliza kwa nini zahanati yao haijawahi kufunguliwa. Waziri msaidizi, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akajibu kwamba zahanati ilifunguliwa zamani na wananchi wanafurahia huduma. Kiongozi wa upinzani akasema serikali inalidanganya Bunge. Hapo upande wa serikali ukalipuka. Waziri msaidizi akanyanyua kipande cha gazeti kilichokatwa kwa makini kama kile cha albamu yetu, akakisoma chote, polepole, pamoja na vigelegele, na mwishoni akalisoma jina langu.

Nilikuwa mita chache juu ya kichwa chake. Wenzangu kwenye benchi waligeuka kunitazama. Kalamu yangu iliendelea kuandika kwa mazoea tu, nami nikajikuta nimeandika jina langu kwenye daftari kama la mtu mwingine.

Spika akamwambia kiongozi wa upinzani athibitishe madai yake Jumanne inayofuata, la sivyo aondoe maneno yake na kuomba radhi, na akikataa atatolewa nje ya kikao. Akitolewa, swali linakwenda naye. Hilo ndilo ulielewe: watu wa Kwa Kofia walikuwa na mdomo mmoja tu katika nyumba ile, na mimi ndimi niliyekuwa nimeipa serikali kitambaa cha kuuziba.

Nilimfuata kwenye varanda alipokuwa akinywa chai na wabunge wawili. Nikamwambia ile habari niliiandika mimi na haikuwa kweli. Wale wawili wakaacha kutafuna. Yeye akaweka kikombe chini.

“Dada, ulikuwepo?”

“Sikuwepo, Mheshimiwa.”

“Umekwenda huko baadaye?”

“Hapana.”

“Basi huna kitu. Unachojua ni kwamba hujui. Nikisimama na hilo Jumanne, watanibeba nje na kiti changu.”

Nilikuja pale nikidhani nimeleta kitu kikubwa. Njia nzima kutoka roshani nilikuwa najisikia jasiri. Kumbe nilikuwa nimemletea aibu yangu tu, na aibu yangu haikuweza kumjengea mtu ukuta wala kuuvunja. Nikamuuliza anahitaji nini. Akasema, “Nenda ukaone,” akarudi kwenye chai yake.

Unakumbuka Jumamosi ile nilipotokea nyumbani bila taarifa, viatu vimejaa tope, nikasema nimekuja kuona matokeo ya mtihani wako? Nilikuwa natoka Kwa Kofia. Nilikuwa nimeondoka Nairobi Ijumaa bila ruhusa, nikalala kwa shangazi yako Likuyani, na asubuhi nikapanda baiskeli ya kukodi nyuma ya kijana aliyelalamika kila kilima.

Nilipouliza zahanati, watu walinielekeza kwa mwanamke anayeitwa Mama Rasoa. Ni mkunga wa pale, mfupi, mkono mmoja ulikuwa na jembe na haukuliacha muda wote tulipoongea. Nilimwambia jina langu. Alinitazama kama mtu anayekagua mbegu.

“Wewe ndiye wa gazeti? Mwalimu alitusomea. Ati wanawake tulipiga vigelegele. Hivyo vigelegele vilikuwa vya nani?”

“Vilikuwa vyangu, Mama.”

“Ulipiga wewe?”

“Niliandika.”

“Eeh. Kazi yenu ni rahisi. Sisi kupiga tunapiganga na mdomo.”

Kisha akanipeleka. Kuta zilifika kwenye lenta, juu ya milango, zikakoma. Hakuna paa, hakuna mlango, na matofali ya upande mmoja watu walikuwa wameshayachukua. Ndani ya kila chumba palikuwa na mahindi. Mama Rasoa akasimama penye nafasi ya mlango wa chumba kikubwa, akaniambia nipite bila kuogopa, hii ndiyo wodi ya akina mama, na asante serikali kwa kumjengea ua usiopenywa na mbuzi. Mahindi yalinifika kifuani. Yalikuwa mahindi mazuri.

Ndipo akaniambia kwa nini ujenzi ulisimama. Wazee walipokwenda ofisini kuuliza mabati, karani aliwatolea faili, na ndani ya faili palikuwa na gazeti. Zahanati imeshafunguliwa, akawaambia, na kitu kilichofunguliwa hakiombewi mabati. Walikwenda mara nyingi. Kila mara walionyeshwa mimi.

Nikauliza wagonjwa wanafanyaje. “Tunabebanga na kitanda mpaka Mautuma,” alisema. “Mvua ikinyesha tunasubiringa kwanza.” Akanitajia jina la mwanamke mmoja ambaye hakuweza kusubiri. Akanitajia na jina ambalo mtoto angepewa. Niliyaandika yote mawili kwenye daftari, nikamsomea kuhakikisha nimeyapata sawasawa. Sitayaandika hapa. Ni ya familia ile, nami nilishayatumia pale yalipohitajika.

Nilipima vyumba kwa hatua. Nilipiga picha kwa kamera ya kuazima. Nilizungumza na fundi aliyejenga zile kuta, na mwenye trakta iliyovuta gari la waziri, ambaye alikumbuka hata rangi ya gari. Kabla wakili wangu hapa mjini hajafunga ofisi siku hiyo, nilikuwa nimekula kiapo kwa maandishi: niliandika habari ile bila kuwepo, tukio halikufanyika, na hiki ndicho kilichopo leo. Wakili aliniuliza mara mbili kama nina hakika nataka kutia sahihi. Baada ya hapo ndipo nikaja kuona matokeo yako ya mtihani. Ulikuwa umeanguka hesabu, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikukugombeza. Ulinishuku tangu wakati huo, nadhani.

Jumanne roshani ilijaa. Kiongozi wa upinzani, ambaye huchelewa siku zote, alikuwa ameketi kabla ya siwa, rungu la Spika, kuingizwa. Alisimama akaweka kiapo changu mezani, akaweka na picha, akasoma majina ya fundi na ya mwenye trakta, akamaliza na yale majina mawili niliyopewa na Mama Rasoa. Kisha waziri msaidizi akainuka, mpole kama kawaida.

“Bwana Spika, mwandishi huyu aliandika kwamba zahanati ipo. Sasa ameapa kwamba haipo. Mheshimiwa atuambie, alikuwa mwongo wakati ule, au ni mwongo leo?”

Watu walicheka pande zote mbili. Hata mimi ningecheka, maana lilikuwa swali zuri. Nilishika ukingo wa benchi. Kiongozi wa upinzani alingoja kicheko kiishe chenyewe, hakukifukuza.

“Bwana Spika, alikuwa mwongo wakati ule, na ndiye peke yake katika jambo hili aliyekubali. Lakini tumwache mwandishi. Yeye anaweza kubadilika. Zahanati haiwezi kuhama. Waziri achague siku, tuingie gari moja, mimi nitalipa chakula cha njiani.”

Khasandi, nimekaa kwenye mikutano mingi ya watu wengi wakipiga makofi. Sijawahi kusikia kitu kama meza zilivyopigwa siku ile. Waliopiga hawakuwa wa upinzani tu. Spika aliamua kwamba kiongozi wa upinzani amethibitisha na hatatoka, na serikali ilete jibu kamili baada ya wiki mbili. Nilishuka ngazi, nikaandika habari yangu kwa dakika arobaini, na aya ya pili ilianza na jina langu.

Haikuchapishwa. Mhariri mpya, ambaye hakuwa yule wa simu, aliiandika upya mwenyewe na kuniondoa ndani yake. Aliniita akaniambia gazeti haliwezi kuweka Bungeni mtu ambaye serikali itamcheka kila akikohoa. Hakunifukuza. Alinirudisha Kakamega.

Na wewe nilikuambia nimerudi kwa sababu ya mguu wa kukhu. Mguu ulikuwa unamuuma kweli, ndiyo maana uongo ule ulidumu. Nilikuwa nimekula kiapo mbele ya taifa zima, nikashindwa kumwambia binti wa kidato cha tatu. Hilo nalo nalihesabu kati ya makosa yangu, na halina wakili.

Jibu la wiki mbili halikuja. Liliahirishwa, likaahirishwa tena, kisha Bunge likavunjwa, na Bunge likivunjwa maswali yake yote hufa. Sasa tuna Bunge jipya, na yule mzee wa madoido amerudi na swali lilelile. Nilikwenda Kwa Kofia mwezi uliopita. Kuta zipo. Mama Rasoa alikuwa ameshavuna.

Jumanne serikali itakuwa na njia mbili. Itoe jibu, au itafute mtu wa kuchekwa. Wakichagua ya pili, watanitafuta mimi, kwa sababu niko tayari kwenye faili na ninachekesha. Mhariri wako anajua wewe ni binti ya nani. Huenda akakuambia kwa wema kwamba siku hiyo mwenzako akae kwenye roshani badala yako. Huenda wewe mwenyewe ukatamani kuandika “mwandishi mmoja wa zamani” na kuendelea mbele. Ni maneno mazuri, hayana kosa la kisheria, na yatamfanya msomaji akose kujua kwamba mtu halisi mwenye jina na nyumba alifanya jambo hili kwa mkono wake, na kwamba linaweza kufanywa tena na mtu mwingine mwenye jina na nyumba.

Usikubali kuondolewa kwenye roshani. Mwambie mhariri kwamba mimi ni mama yako, na msomaji aambiwe hivyo pia, kwa sentensi moja fupi. Kisha andika walichosema. Wakinicheka, andika kwamba walicheka, na andika kama kicheko kilikuwa cha upande mmoja au pande zote. Wakisema mimi ni mwongo, weka jina langu lote, gazeti nililoandikia, na nilichokosea. Usiniweke mwisho pale mkasi wa mhariri unapoanzia. Usinitetee. Nafasi yote itakayobaki wape wanawake wanaobeba kitanda mpaka Mautuma, na uende ukawaone kwanza ukipata hata siku moja, kwa maana mwaka huu huenda hali imebadilika tangu nilipopita, na neno langu la mwezi uliopita si la kutegemea.

Baba yako anasema kuku ameiva. Nasikia sauti yako langoni, umerudi mapema kuliko nilivyodhani, na naona umebeba ndizi za kukhu ambazo hazitaingia kwenye mkoba wowote. Barua hii nitaitia katikati ya nguo zako, utaikuta ukifika.

Gazeti la Jumatano hufika Kakamega saa nne asubuhi. Nitakuwa nimesimama kwenye kibanda kabla halijafunguliwa kamba. Likiwa na habari ya Kwa Kofia bila jina langu ndani, nitakwenda moja kwa moja posta, nitapiga simu kwa mhariri wako, nami nitalalamika kama msomaji mwingine yeyote.

Mimi mama yako,
ninayekutazamia kwenye ukurasa.